Darasa la Dirishani

Katika jaribio la Hisabati la katikati ya muhula, waliopata alama za juu kidato cha pili walikuwa wale ambao mwalimu alikuwa akiwafungia nje.

Mimi si mwalimu wa Hisabati. Nafundisha Kiswahili katika sekondari moja ya kata upande wa Tindiga, wilaya ya Kilosa, na chumba ninachofundishia kimepakana na kile cha kidato cha pili. Madirisha ya vyumba vyote viwili yanatazama baraza moja jembamba, lenye kivuli asubuhi. Kwa hiyo mengi niliyaona kabla hayajafika ofisini, na mengine niliyasikia huku wanafunzi wangu wameinamia insha zao.

Mwalimu wa Hisabati alihamia kwetu mwanzoni mwa mwaka akitokea shule moja ya Mikumi. Alikuwa mwanamke bado kijana, sauti ndogo, mwandiko mkubwa. Siku ya kwanza aliingia darasani na karatasi ya manila iliyokunjwa, akaibandika ukutani kwa uji mzito wa unga, na kabla ya kutaja jina lake akawaamuru wanafunzi waisome kwa sauti. Yalikuwa masharti ya somo lake.

Yaliandikwa kwa Kiingereza, nami nayaeleza kwa Kiswahili kama nilivyozoea kuyasoma nikipita. Mwalimu akishaingia mlango unafungwa. Aliyechelewa atasikiliza akiwa nje. Kila mtu aje na mkebe wake wenye rula, bikari na kipimapembe, na kuazimana wakati wa somo ni mwiko. Jibu lisilo na njia ni sifuri, hata likiwa sahihi. Kuangalizia ni sifuri kwa wote wawili, aliyeangalia na aliyeangaliwa. La mwisho lilipigiwa mstari mwekundu: ndani ya chumba hiki ni Kiingereza peke yake.

Hakuna aliyeshangaa. Hisabati ndilo somo lililokuwa likituangusha kila mwaka, na mkuu wa shule alisimama mbele ya karatasi ile akiitazama kwa furaha. "Sasa tumepata mwalimu," alisema.

Wa kwanza kuonja sharti la mlango alikuwa binti wa wafugaji. Familia yao ilitoka kanda ya ziwa, ikafika kwetu yeye akiwa mdogo. Wana ng'ombe, na wamekodi shamba la mpunga mbugani. Kila asubuhi alisambaza maziwa kwa baiskeli kwenye migahawa ya chai, na chai ya migahawa haingoji kengele ya shule. Siku nyingi kipindi cha kwanza kilikuwa Hisabati. Alifika mlango umefungwa, miguu ina tope jeusi hadi magotini, akaegemeza baiskeli ukutani, akageuza ndoo tupu ya maziwa chini juu na kuikalia chini ya dirisha.

Masika yalipokolea, njia za mbugani zikajaa maji na wachelewaji wakaongezeka. Dirisha letu halina kioo, lina nondo na wavu. Aliyekaa nje huona nusu ya juu ya ubao na kusikia kila kitu. Na sharti la Kiingereza lilisema wazi kwamba ni la ndani ya chumba. Barazani halikufika.

Asubuhi moja mwalimu alikuwa akifundisha kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Alieleza vizuri, taratibu, kwa Kiingereza chake kilichonyooka. Akauliza kama wameelewa. Darasa zima likaitikia kwa pamoja, kwa mdundo ule wanaoufahamu walimu wote wa nchi hii, kwamba limeelewa.

"Waongo hao," mmoja wa wachelewaji alinong'ona barazani.

"Wewe umeelewa?" mwingine akamuuliza.

"Mimi nimeelewa kwamba kuna mbili na kuna tatu."

Yule binti wa maziwa hakucheka. Alikuwa amenyoosha shingo, anatazama ubao. "Anasema tutafute namba ndogo kuliko zote ambayo mbili inaingia na tatu inaingia."

"Si KDS hiyo? Kigawe kidogo cha shirika! Tulifanya shule ya msingi."

"Ni hiyo hiyo. Imevaa suti tu."

Wakacheka wameziba midomo, halafu nikasikia kalamu zikikwaruza. Nami nikageukia darasa langu, maana wawili walikuwa wameacha insha na kusikiliza kama mimi.

Ikawa desturi. Ndani mwalimu alieleza, na aliyekwama alinyamaza, kwa sababu kuuliza kulihitaji Kiingereza, na Kiingereza kibovu kilihitaji moyo wa kuchekwa. Nje walishikana mashati. "Hapo umeruka hatua." "Sijaruka, nimeifanya kichwani." "Kichwani kwako madam anaingiaje kusahihisha? Andika." Kwa kuwa jibu lisilo na njia lilikuwa sifuri, waliulizana njia, na kwa kuwa walikuwa nje, waliulizana kwa lugha waliyoijua.

Kisha wakaanza kuchelewa watu wasio na sababu ya kuchelewa. Mwalimu wa zamu aliwakuta wasichana wawili wa hosteli wamejibanza nyuma ya matangi ya maji, sare safi, mikebe mkononi. Hosteli iko ndani ya uzio wa shule.

"Mnafanya nini hapa?"

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nimeuliza mnafanya nini."

Wakatazamana. "Tunasubiri kuchelewa, mwalimu."

Aliisimulia stafurumu, tukacheka wote, hata mwalimu wa Hisabati. Alidhani wanamkimbia. Jaribio lilipotoka hakucheka tena. Alitandaza karatasi mezani, akapanga za ndani upande mmoja na za nje upande mwingine, akakaa akizitazama. Halafu akatamka neno tulilolitarajia: wameangalizia.

Aliwaita wote wa nje, akawatawanya stafurumu kila mmoja kona yake, na kuwapa maswali mapya aliyoyatunga asubuhi hiyo. Nilikuwepo nikisahihisha. Walifanya vilevile, na kila mmoja alikuwa na njia yake. Mwingine alizunguka mbali, mwingine alikata moja kwa moja. Mtu haangalizii njia ambayo jirani hakuipita.

Akambakiza yule binti.

"Nani anakufundisha?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akisema na mwanafunzi kwa Kiswahili.

"Wewe, madam."

"Mbona wa ndani nao nawafundisha mimi?"

Binti alitazama sakafu. Alikuwa kama mtu anayetafuta neno lisilo na miiba. "Wa ndani hawaulizani, madam."

Alipotoka, mwalimu alinigeukia mimi, labda kwa sababu nafundisha Kiswahili. "Mtihani wa taifa unakuja kwa Kiingereza. Nikiwafundisha kwa Kiswahili, nawasaidia au nawaangusha?"

Nilimwambia tu nilichokuwa nikikisikia dirishani.

Wiki hiyo hiyo baba wa binti alikuja shuleni, na hapo tukajua kilichokuwa kikimngojea mkalia ndoo yule. Alikuwa mtu mrefu, mpole, Kiswahili chake kikitembea polepole. Alisalimia kila mtu ofisini kabla ya kukaa. Baada ya mavuno, alisema, ng'ombe watahama. Malisho ya hapa yamekwisha, na nduguze wameshapata mahali kusini.

"Mwanangu anataka kubaki hosteli," alisema. "Sina ubishi. Akivuka kidato cha pili, abaki, nitaleta kinachotakiwa. Asipovuka, nitamwachaje peke yake huku anarudia darasa? Atakuja na sisi."

"Huko mnakokwenda kuna sekondari?" mkuu aliuliza.

"Wanasema ipo. Mbali."

Mwalimu wa Hisabati aliijua hesabu hiyo kuliko sisi. Masomo mengine ya binti yalikuwa ya kuvutana, yale yote yanayodai kueleza kwa sentensi ndefu za Kiingereza. Hisabati ndiyo ingembeba.

Mkuu aliamuru baraza liondolewe watu na wote waingie ndani. Waliingia. Binti akapewa ruhusa ya kuingia akishamaliza kusambaza maziwa, akaketi dawati la mbele, na akanyamaza kama wenzake. Niliishi wiki mbili karibu na ukuta usiosema. Mdundo wa kuitikia kwamba wameelewa ulikuwa mkubwa zaidi, maana waitikiaji walikuwa wameongezeka.

Asubuhi moja nilikuta mwalimu amesimama juu ya kiti mbele ya karatasi yake ya manila, kalamu mkononi. Sharti la mlango alilikata kwa mstari. Jipya aliliandika chini, herufi zimebanana kwa sababu nafasi ilikuwa imekwisha: nusu ya mwisho ya kipindi ni ya barazani. Barazani waulizane kwa lugha yoyote. Ila kila njia wanayokubaliana huko, mtu mmoja airudishe ndani na kuiandika ubaoni kwa Kiingereza, na wenzake wamsaidie maneno.

"Mkuu amekubali?" nilimuuliza.

"Amesema tuone matokeo."

Wakatoka na ndoo za kukalia. Si wote waliofurahi. Wapo wazazi waliosikia kwamba watoto wanafundishwa upenuni na wakaja kulalamika, na mkuu aliwapokea kwa soda na maneno mengi. Binti alikuwa mtu wa kwanza kurudisha njia ubaoni. Maneno yalimkwama. "Tuseme" ndiyo iliyomsumbua kuliko zote, ule mwanzo wa kila swali la mafumbo, tuseme umri wa mama ni kadhaa. Barazani aliitoa bila kufikiri. Ubaoni alisimama na chaki mpaka wenzake wakamtupia neno la Kiingereza.

"Limeze kama dawa," mwalimu alimwambia. "Hata usipolipenda."

Mtihani wa taifa wa kidato cha pili ulifanyika mvua za vuli zikianza. Nilikuwa nje ya chumba wanafunzi walipotoka. Binti alikuja moja kwa moja kwa mwalimu wa Hisabati aliyesimama karibu nami.

"Shikamoo, madam. Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umefanyaje?"

"Nimemaliza yote." Akaukumbatia mkebe wake. "Lile la mwisho, la mafumbo, niliiona njia yake yote mara moja. Muda ulikuwa unaisha. Nikaandika 'tuseme'. Nimeandika mpaka mwisho kwa Kiswahili, madam. Namba ni zile zile."

"Jibu ulipata?" mwalimu aliuliza.

"Nilipata."

"Na njia umeonyesha?"

"Yote."

Alipokwenda kuchukua baiskeli, nilimuuliza mwalimu, je, msahihishaji atafanya nini. Amewahi kufundisha shule mbili, ana marafiki waliowahi kuitwa kusahihisha. Aliwapigia simu jioni ile. Mmoja alimwambia namba hazina lugha, atapewa alama zake. Mwingine alimwambia karatasi ya maelekezo inasema Kiingereza, kwa hiyo asitegemee.

Mpunga ulishavunwa kabla ya mtihani. Ng'ombe wameshatangulia kusini, pamoja na mama na wadogo zake. Baba amebaki na ng'ombe mmoja wa maziwa na binti huyu, katika boma lililobaki wazi, na maziwa bado yanafika migahawani kila asubuhi. Matokeo hayajatoka.