Fimbo ya Donna Filomena

Siku Sabatino alipomwona Filomena kwa mara ya kwanza, aliondoka na fimbo yake. Mjane huyo, aliyeitwa kwa heshima Donna Filomena, alikaa na meza yake mlangoni mwa njia ya kupandia mlima wa volkano wa Vesuvio, akiwaazima watu fimbo za kuegemea. Sabatino alipanda hadi ukingoni mwa shimo la kileleni, akashuka akipanga maneno ya kumwambia. Alipofika mezani maneno yakamkauka. Akapita kichwa chini, akajikuta ndani ya basi, fimbo mkononi.

Jumatatu iliyofuata aliirudisha. Filomena akamwambia hapandi mtu bila fimbo, basi apande nayo. Akashuka akasahau tena kuirudisha, mara hii kwa makusudi. Ikapita miaka mitatu, kila Jumatatu hivyo hivyo.

Sabatino alikuwa mlinzi wa magofu ya Warumi kule chini, Ercolano, mji ambao Vesuvio uliufukia zamani pamoja na watu wake. Alitaka jambo moja tu: Filomena aje huko, maana kati ya kuta alizozizoea huenda angethubutu kumposa. Kila akimkaribisha, jibu lilikuwa lile lile.

"Mimi nakaa na muuaji huku juu, bwana mlinzi. Niende tena kuwaamkia marehemu wake?"

Jumatatu ya Pasaka, watu wote wakiwa nje na vikapu vya chakula, Filomena alifunika meza yake. Alisema miaka ishirini anaazima fimbo na kileleni hajafika kwa sababu ya magoti yake. Sabatino akimfikisha, naye atashuka kwenye magofu.

Alimvuta kwa fimbo, yeye ncha hii, Filomena ncha ile. Juu, Filomena alichungulia shimoni, akasema alidhani ni kubwa zaidi. Wakala mkate wa mayai, wakashuka kwa basi.

Langoni walinzi wenzake waliuliza harusi ni lini. Sabatino akawa mwekundu. Lakini alipoingia ndani ulimi ukamfunguka: akamwonyesha kaunta ya mama ntilie na mitungi yake, kitanda kilichogeuka makaa, mahali mwokaji alipouacha mkate. Filomena alicheka, akauliza, akasahau kuwaogopa marehemu.

Walipotoka, Sabatino akawa bubu tena. Akanyoosha fimbo.

"Hii... ni yako, Donna Filomena."

Filomena hakuipokea. Alipanda basi, akageuka mlangoni.

"Kaa nayo, Sabatino. Jumatatu uje nayo nyumbani kwangu, saa ya chakula. Na uje na ule mdomo uliokuwa nao mle ndani, maana ninajua unachotaka kuniuliza, na jibu langu lishachoka kungoja."