Nilivyokwama Kwenye Tundu la Bunduki la Mjerumani

Mpaka leo nikipita sokoni lazima atokee mtu aniulize kama tumbo limepungua, nami najua anakotaka kufika, kwa hiyo acheni niwasimulie mwenyewe aibu yangu kabla hamjasimuliwa na wambea wa huku ziwani, maana wakishaitia chumvi hailiki tena.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, nimepunguzwa kazi ushirika, kila mtu anaanzisha mradi, nami nikaitamani ile ngome ya Mjerumani iliyo ufukweni kwetu, upande wa Liuli, gofu lisilo na paa (wapangaji wake walikuwa mbuzi), nikasema hapa natoa gesti. Serikali ya kijiji ikanijibu vizuri tu: itengeneze, kamati ije ikague, ikiridhika unakabidhiwa. Nikaezeka bati, nikapiga lipu, nikazoa mavi ya mbuzi, jasho langu lote likaishia mle. Ikabaki kamati.

Kilichoniponza ni mlango. Mafundi walikuwepo, lakini mimi nani, nikasema mlango tu nao unataka fundi? Nikauunda mwenyewe kwa mbao mbichi. Asubuhi ya kamati ikanyesha mvua, mbao zikavimba, upepo wa ziwani ukaubamiza mlango, na mle ndani wamo mke wangu na mama yake (alikuwa ameshuka kutoka Kingerikiti kutusaidia mapishi) pamoja na ugali, samaki aina ya mbasa na kila kitu cha wageni. Nikavuta, nikasukuma, nikapiga teke. Wapi! Na kamati ile pale, inakuja.

Bawaba ziko kwa ndani. Nikachukua nyundo, nikaamua kupitia lile tundu la ukutani ambalo askari wa Mjerumani walikuwa wanatolea bunduki. Jirani yangu mmoja, mvuvi, akaniambia, "Si uwapitishie tu nyundo wagonge wenyewe?"

"Wanawake watajulia wapi mambo ya bawaba?" nikamjibu. Jamani, ulimi huu!

Kichwa kikapita, mabega yakapita kwa kujibana, nyundo ikaniponyoka ikaangukia ndani, tumbo likagoma. Mbele siendi, nyuma sirudi. Nikainua macho, nani yuko mbele yangu? Mama mkwe! Na kwetu mkwe hutazamani naye, hata njiani unamkwepa, leo nimejileta mwenyewe uso kwa uso, natoka jasho kama nimebeba gunia la kahawa. Nikafumba macho. Yeye akajifunika kanga.

"Mwambie mumeo aache kutapatapa, atabomoa ukuta," akamwambia binti yake, na mimi niko palepale nasikia.

"Mwambie mama shikamoo," nikasema. Ningesema nini tena?

Huko nje nikasikia kamati imefika. "Huyu ndiye mwenye gesti?" mwenyekiti akauliza.

"Shikamooni wazee, karibuni sana!" nikaitikia, huku nimewapa makalio. Wawili wakanishika miguu, wakavuta, suruali ikatoka, mimi nikabaki.

Basi mama mkwe akachoka na upuuzi. Akaokota nyundo, akagonga pini za bawaba, ko, ko, ko, mlango ukalala chini, kamati ikaingia kwa kuukanyaga. Wakanawa. Wakala mbasa wangu. Wakakagua bati, wakasifu lipu, na mimi nimo ukutani (mke wangu alinionea huruma akanilisha tonge moja, basi).

"Kazi imefanyika vizuri," mwenyekiti akasema, "lakini tunamkabidhi nani? Huyu? Mgeni akifungiwa ndani, atamfungulia vipi?" Wakanong'onezana. "Tunamkabidhi huyu mama aliyetufungulia."

Moyo ulinipasuka. Ngome yangu! Nikafumbua mdomo nipinge, nikakumbuka anayepewa ni mkwe wangu, na mkwe hubishani naye. Nikaufumba.

Walinitoa kwa mafuta ya kupikia. Naapa mbele yenu, panapotosha kupita nyundo mimi sitapita tena, ila kiapo chenyewe kimechelewa. Gesti inajaa, kwa taarifa yenu, na mlinzi ni mimi. Nikitaka ruhusa hata ya kwenda kwenye msiba, namtuma mke wangu akaniombee kwa mama yake, nami nasimama nje nikisubiri jibu, na mara nyingi jibu ni moja tu: "Mwambie kwanza afagie uwanja."