Fagio Niliyoitengeneza Mwenyewe

Nilifuta sauti za marehemu mama kwa neno moja la herufi tano. Neno lenyewe nililitunga mimi.

Usinionee huruma. Soma kwanza.

Kazini niliandika programu ndogondogo za mafundi wenzangu wa kompyuta, zile za kuandika amri kwenye dirisha jeusi. Moja niliiita fagio. Ukiandika fagio na jina la folda, inaisafisha folda hiyo. Ukiandika fagio tupu, inafuta kila kitu kwenye folda uliyomo wakati huo. Haiulizi.

Ofisini tulikuwa na dada tuliyemwita Mama Akiba. Kila Ijumaa alinakili mafaili ya kila mtu kwenye diski yake. Hakuna aliyemtuma.

"Kaka," akanishauri siku moja, "mtu akiandika fagio tupu, ionyeshe kwanza itafuta nini. Anayetaka kufuta kweli aongeze neno."

"Dada, hii ni ya mafundi. Asiyesoma maelekezo akauze mitumba!"

Watu wakacheka. Nikajiona kidume.

Mwezi haukuisha. Alhamisi moja simu ya Mama Akiba ikaita akiwa katikati ya kuandika fagio: mwanawe kaanguka shuleni. Akabonyeza kabla hajaandika jina la folda.

Kazi ya mteja, kwisha. Nakala yake ya Ijumaa iliokoa ya nyuma, ila ya wiki ile haikupatikana.

Bosi akatuita wote wawili. "Hii programu ina kosa?"

Mama Akiba akaniangalia. Nilitakiwa kusema maneno mawili tu: kosa langu.

"Haina, bosi. Imefanya ilichoambiwa."

Mama Akiba akafukuzwa siku ileile. Alibeba kikombe chake na diski, akaniaga vizuri. Bora angenitukana.

Miezi mitano baadaye mama akafariki. Alikuwa akinitumia sauti kutoka wodini, arobaini na mbili kwa jumla. Simu ilikuwa imejaa, nikazihamishia kompyuta ya kazini. Kule si kunanakiliwa kila Ijumaa?

Jumatatu moja nikasikiliza ya kwanza. "Mwanangu, umekula?" Nikafuta machozi, nikarudi kazini. Nilidhani nimetoka kwenye folda yake.

Fagio. Nikabonyeza.

Sauti zote zikafutika, na sikushtuka hata. Nikamfuata bosi. "Nani anashika nakala siku hizi?"

"Nakala zipi?"

Jamani, tangu dada aondoke hakuna aliyenakili chochote. Nikampigia Mama Akiba nikilia kama mtoto.

"Pole sana na msiba, kaka," alisema. "Nakala yangu ya mwisho ni ya Ijumaa kabla hamjanifukuza."

Hamjanifukuza. Na mimi nimo.

Kisha akauliza taratibu: "Ile fagio ulishairekebisha?"

Niliifungua siku hiyohiyo.

Sasa inauliza kabla ya kufuta. Dakika kumi tu zilitosha.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, wahenga walishasema. Wewe unayetengeneza chochote, usimfikirie fundi aliyetulia. Mfikirie mtu ambaye simu yake imeita, au aliyetoka kumlilia mama yake.