Mutoto Aliyekataa Jina

Nilipokuwa mutoto, mugongo wangu haukuwa wangu. Kila mama wa kwetu aliyekuwa na shamba la kupalilia alinitafuta, akanifunga mutoto wake kwa kikwembe, akaenda zake. Nimebeba wazito, nimebeba wakojozi, nimebeba wenye kuvuta nywele. Lakini siku hizi, katika ule usingizi wa nusu unaotujia wazee baada ya kula, ninayemusikia mugongoni ni mumoja tu: Bahati, mutoto wa baba yangu mudogo.

Bahati hakushika. Ukibeba mutoto, naye anakubeba kidogo: anakaza miguu, analaza shavu. Huyu alikaa kama mufuko wa unga, anaangukia upande. Ukitaka kumuinua, hakunyoosha mikono. Wenzake wa umri ule walikuwa tayari wanapiga makofi, wanaonyesha kuku kwa kidole, wanalia mama akitoka. Yeye, mama yake akimunyonyesha, macho yalipita juu ya bega lake, yakaenda kwenye matundu ya nyasi za nyumba, ambako jua liliingia kama nyuzi na vumbi likaogelea ndani yake. Huko ndiko alikocheka. Kwa uso wa mutu, hapana.

Aliinua vidole mbele ya macho, akavitikisa polepole katika zile nyuzi za jua. Miye nililala kando yake kwenye mukeka, nikaangalia anachoangalia. Vidole viligeuka nyasi, nyasi zikageuka samaki, nikasahau maji niliyotumwa kuchota. Nilipigwa kwa ajili ya hayo maji. Lakini nawaambia, kule alikokuwa kulikuwa kuzuri.

Ukimuita, hakugeuka. Ungeweza kuita jina lake mpaka jirani aitike. Si kwamba hakusikia. Tate, ndivyo tunavyomuita bibi, mama wa baba yangu, alipokuwa anapeta maharagi kwenye lungo pale mulangoni mwa jiko, ile sauti ya shaa, shaa, Bahati aligeuka mwili muzima, kama mutu aliyeitwa na mufalme. Jambo hilo tulilijua watatu: mama yake, Tate, na miye mwenye mugongo. Wengine walikuwa shambani wakati wa kupeta.

Sasa, maneno ya watu. Miye napenda maneno ya watu kuliko chumvi, lakini yale yalikuwa machungu. Mama Roza, mama wa mutoto, alikuwa ametoka Tchomia, kwenye ziwa. Wanawake wa kwetu wakasema: alioga ziwani na mimba saa ya jua kali, wakati upepo umesimama, na ziwa likamuwekea mutoto wake lenyewe. Watoto wa ziwa hawaangalii watu, walisema. Wanaangalia mwangaza, kwa sababu wamezoea kuutazama kutoka chini ya maji. Nilipoyasikia niliona ni kweli kabisa. Hata leo sijapata maelezo yaliyo mazuri kama hayo, ingawa nimepata yaliyo ya kweli zaidi.

Ubaya ulikuwa katika dawa yake. Mutoto wa ziwa anarudishwa. Unashuka naye Kasenyi, ziwani, asubuhi, unamulaza katika matete, unaondoka bila kugeuka. Kama ni mutu, atalia, wavuvi watamuokota. Kama ni wa ziwa, atanyamaza, na mwenye mali atachukua mali yake. Na siye wa nyumbani tulijua vizuri: Bahati hakuwa mutoto wa kulilia watu. Ungemuacha katika matete, angeangalia jua majini mpaka mwisho.

Mwenye kushikilia jambo hilo alikuwa shangazi yangu Marta, dada mukubwa wa baba. Baba mudogo alikuwa mbali, anaendesha kamyo njia ya Mahagi, na mwenye nyumba asipokuwepo, shangazi ndiye mwenye kauli. Hakuwa mubaya. Aliogopa. Alikuwa amezika watoto wake wawili, na mutu aliyezika anatafuta kila siku tundu ambalo kifo kinapitia.

"Kabla ya kushuka naye," akasema, "tumujaribu kwa majina. Pengine anakataa jina. Bahati, Bahati, nani kwetu alikuwa anaitwa Bahati?"

Hiyo ilikuwa desturi yetu. Mutoto asiyetulia, asiyenyonya, asiyegeuka, pengine muzee mumoja wa ukoo anadai jina lake. Basi mutoto anakalishwa kwenye mukeka, shangazi anasimama nyuma yake, anaita majina ya waliokufa moja kwa moja. Akigeuka, jina limepatikana. Asipogeuka kwa hata moja, hana muzee kwetu. Gari la wachuuzi wa samaki lilikuwa linashuka Kasenyi kesho yake asubuhi. Kila mutu aliyekaa pale alilijua hilo.

Ilikuwa mchana, hewa nzito, kuku wamelala kivulini. Mimi ndiye niliyemukalisha Bahati. Mama Roza alikaa mbali kidogo na kikwembe kichwani, kama mutu ambaye kesi yake inasomwa. Tate alikaa nyuma yetu, mulangoni mwa jiko, lungo mapajani, anachagua mawe katika maharagi.

"Mama, acha hiyo kazi," Shangazi akamuambia. "Tunataka kimya."

"Vidole vyangu vinafanya kelele?"

Shangazi akaanza. "Ngabu." Hakugeuka. "Zakaria." Bahati alikuwa anaangalia vidole vyake. "Byaruhanga." Akaita baba wa baba, akaita waliokufa na surua, akaita hadi binamu mumoja aliyefia Uganda.  Nilimuona Mama Roza anashika udongo kwa mukono, anauachia, anaushika tena.

"Wamekwisha," Shangazi akasema.

"Umemuacha Lonema," Tate akasema bila kuinua kichwa.

Watu wakatazamana. Lonema alikuwa ndugu ya marehemu babu. Hakuoa. Hakusalimia mutu njiani. Alikula peke yake, nyuma ya zizi, kila siku mahali pamoja, na ukimuhamishia kibao chake cha kukalia alikaa na njaa mpaka kirudishwe. Lakini ng'ombe wa ukoo mzima aliwajua kwa sauti ya kwato zao. Kwetu hakutajwa sana, kwa sababu ya haya.

"Mama, yule haikuwa mutu wa kuitia mutoto."

"Alikufa ao hakufa?"

"Alikufa."

"Basi iko kwenye hesabu. Muite."

Shangazi akavuta pumzi. "Lonema," akaita, polepole, kama hataki asikike.

Na Tate akarusha maharagi. Shaa.

Bahati akageuka. Si shingo tu, mwili muzima, macho wazi, mudomo wazi, uso wake umejaa kitu ambacho wengi pale walikuwa hawajapata kukiona kwake. Wanawake wakashika vifua. Shangazi alimutazama mutoto, akatazama lungo, akamutazama Tate.

"Mama."

"Nini? Kesho mutakula nini, majina?"

Mama Roza alijifunika uso kwa kikwembe, mabega yakawa yanatikisika. Nilifikiri analia, nikasogea nimushike. Alikuwa anacheka, machozi yakimiminika, anauma kitambaa asisikike. Nikajua nami kwamba nimeona, na kwamba sitasema. Miye, kunyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza na labda ya mwisho.

Shangazi alijua? Nimejiuliza maisha yangu yote. Aliinama, akamubeba yule mutoto, mutoto akaangukia upande kama kawaida yake, naye akasema: "Ndiyo. Lonema hakupenda kushikwa." Akamuweka chini kwa heshima. Gari la samaki likashuka kesho yake bila siye.

Tangu siku ile mutoto hakubadilika hata kidogo. Hakuangalia macho ya mutu, alichelewa kusema, aliziba masikio ngoma za harusi zikipigwa. Lakini pale ambapo watu walikuwa wakisema "ziwa," sasa walisema "Lonema," wakicheka kidogo. Asiposalimia: Lonema huyo. Akitaka sahani ile ile: mupeni, munamujua muzee. Shangazi Marta mwenyewe alipigana na mwanamuke sokoni aliyesema mutoto ni wa ziwa. Mutoto alipokua akapewa ndama. Siku ile miye niliiona kama nimeiona kabla sijazaliwa: Lonema mudogo amesimama katikati ya ng'ombe, ukungu magotini, nao wote wamegeuza vichwa kwake.

Vita ilikula ng'ombe hao. Tukakimbilia huku mujini, na sasa Lonema wetu anakaa nyuma ya nyumba yangu, muzee mwenye mvi, anapanga kuni kwa ukubwa wake, na ole wako uchomoe moja ya katikati.

Mwaka huu nilimusindikiza mujukuu wangu Furaha kituo cha afya na binti yake Neema, anayekaribia mwaka mumoja. Muuguzi alimuuliza: anakuangalia ukimunyonyesha? Anageuka ukimuita? Anaonyesha kitu kwa kidole? Kila swali, Furaha alijibu hapana, na miye niliyekuwa kando nilikuwa nimejibu moyoni kabla yake. Muuguzi alisema inaweza kuwa otisimu, wengine wanasema usonji, kwamba ni mapema kuwa na hakika, kwamba si laana wala kosa la mama. Akatuonyesha namna ya kucheza naye chini, kumufuata anakotazama, turudi kila mwezi. Dada muzuri, anasema taratibu. Lakini majirani tayari wamemuambia Furaha habari ya chumba cha maombi ambako watoto wa namna hiyo wanafungiwa bila kula mpaka kitu kitoke.

Jioni Furaha alikaa na mutoto wake mapajani, akamuangalia sana yule muzee na kuni zake.

"Tate," akaniuliza, "huyu mulimuponesha na nini?"

Nilifikiri juu ya Tate wangu, ambaye aliondoka bila kunieleza lolote, na juu ya Shangazi akiinama kumuweka mutoto chini.

"Hatukumuponesha, mwanangu," nikamujibu. "Tulimuzoea."

 Furaha akalala kwenye mukeka, kichwa karibu na kichwa cha Neema, akaanza kuangalia juu, anakoangalia mutoto.