Vitambaa vya Kochi Juu ya Sola

Nilizifunika sola kwa vitambaa vya makochi ili jua lisizipaushe. Nalitanguliza hili kwa sababu watu wa mtaa wetu, pale mlimani Mwanza, wamelisimulia sana, kila mmoja na chumvi yake, na ningependa walau mara moja lisimuliwe bila chumvi. Halihitaji chumvi.

Enzi zile za soko huria kila mtu alikuwa anatoka. Vijana niliomaliza nao kidato cha nne walikwenda machimboni, wengine Kirumba kwenye samaki, wengine mipakani kufuata mitumba. Mimi nilitafuta kazi ya kukaa nyumbani. Nikaipata: kutunza nyumba ya mfanyabiashara mmoja wa vipuri, Mhindi wa hapo hapo mjini, aliyekuwa amemjengea mama yake bwawa la kuogelea uani. Nilipewa chumba cha nyuma, na safari yangu ndefu ikawa kutoka chumbani kwenda bwawani.

Mtu atauliza bwawa la nini, na ziwa lote lile liko chini ya dirisha. Yule mama, ambaye sote tulimwita Bibi, alikuwa na jibu lake: "Ziwani kuna kichocho, kuna mamba, na kuna vijana wa kunichungulia." Magoti yake yalikuwa yamegoma, na daktari alimwambia atembee ndani ya maji kila asubuhi. Basi kila asubuhi aliingia na nguo zake zote, akatembea kutoka ukuta hadi ukuta akiwasengenya wakwe zake kwa Kiswahili chenye Kisukuma ndani yake, maana alizaliwa na kukulia kwenye duka la baba yake, kijijini karibu na Bujora. Kazi yangu ilikuwa kuitikia.

Shida ilikuwa mgao wa umeme. Umeme ukikatika, pampu inasimama. Pampu ikisimama, maji hayapiti kwenye chujio. Yasipochujwa yanageuka kijani na kuta zinateleza. Bosi, yaani mwanawe, alichoka kuinunulia jenereta dizeli. Akaagiza sola kutoka Nairobi, na fundi kutoka Kamanga, ng'ambo ya ziwa, ambaye aliwahi kufunga sola ya friji la chanjo kwenye zahanati. Fundi alizipanga juu ya bati la banda la pampu, akaziunganisha moja kwa moja bila betri: jua likiwaka pampu inazunguka, likizama inalala. Kabla ya kukimbilia kivuko aliniachia agizo moja tu.

"Zitunze ziwe safi."

Mimi maagizo nayashika. Nikavitazama vile vioo vyeusi, ghali kuliko kitu chochote nilichowahi kukabidhiwa, vimelazwa juani mchana kutwa, na wale ndege makorongo wanapita juu yake wakijisaidia. Kwetu kitu cha thamani hufunikwa. Redio ilikuwa na kitambaa chake, chupa ya chai ilikuwa na chake, na cha televisheni kilifumwa kabla hatujajua kama televisheni itanunuliwa. Mama alikuwa amenifumia seti nzima ya vitambaa vyeupe vya makochi, akiiwekea siku nitakayooa. Mke sikuwa naye, makochi sikuwa nayo. Nikavitandika juu ya sola, nikavibana kwa vijiwe, kisha nikasimama kuvitazama. Vilipendeza.

Kwa kuwa vilikuwa vya kufuma, vyenye matundu, pampu haikuzima kabisa. Ingezima ningeshtuka. Ilibaki inaguna, kama mtu anayeitika bila kunyanyuka kitandani, nami nikaona kwamba sasa imeizoea kazi.

Maji yakaanza kufifia, halafu yakawa rangi ya mlenda. Nikaongeza dawa. Nikasugua kuta. Nikawalaumu wale wadudu wa ziwani wanaopanda angani kama moshi. Bibi alipouliza, nikamwambia labda hata jua lina mgao.

"Jua nalo limefungiwa mita?" akasema.

Asubuhi moja akateleza kwenye ngazi za bwawa, akadaka bomba. Hakuumia, ila Bosi alikuwa kasimama pale. Akasema kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie: "Mama, nakwenda Dar. Nikirudi Jumamosi maji yakiwa bado hivi, unakwenda Uingereza kwa kaka. Kule kuna bwawa la ndani, maji ya moto. Nyumba hii tutaipangisha."

Alipoondoka, Bibi alikaa ukingoni akijikamua nguo.

"Nilikwenda mara moja," akaniambia. "Nilikaa dirishani na koti mwilini. Sitaki kufa nimevaa koti, mwanangu."

Nami nyumba ikipangishwa ningerudi kwetu kulima pamba, kazi ambayo haifanyiki ndani.

Sasa, jirani yetu wa juu alikuwa mama mmoja aliyewahi kuwa karani wa ushirika kabla ya kupunguzwa kazi. Nyumba za mlima ule zimepandana juu ya mawe, kiasi kwamba uani kwake ni usawa wa bati letu. Akichambua mchele kwenye jiwe lake, anajua hata sisi tumepika nini. Mchana ule nilikuwa nachota majani bwawani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hivi nguo zenu za huko kwenye bati zina nini? Nyingine zote mtaani zinakauka."

"Zipi?"

"Hizo nyeupe za kufuma."

"Aa, hizo si nguo, mama. Nimefunika sola zisiharibike."

"Zisiharibike na nini?"

"Na jua," nikasema.

Akaweka ungo chini.

"Na jua," akarudia, polepole.

"Na vumbi pia," nikaongeza, lakini nilikuwa nimeshayasikia maneno yangu mwenyewe.

Nilipanda juu ya banda bila ngazi. Kitambaa cha mwisho kilipotoka, pampu ilinguruma hadi Bibi akatoka kuangalia nani kaja na gari. Akanikuta nashuka nimevikumbatia.

"Vya nani hivyo?"

"Vya mke wangu."

"Una mke?"

"Bado."

Akatazama bati, akatazama vitambaa, akanitazama mimi.

"Vifue," akasema. "Na usimwambie mtu."

Siku zilizobaki jua liliwaka bila kuguswa. Nilisugua, nikatia dawa, nikasafisha chujio. Pampu ikafanya yaliyobaki. Jumamosi Bosi aliposimama ukingoni, tundu la kutolea maji lilionekana kule chini kabisa, na Bibi alikuwa anatembea ukuta hadi ukuta, ametulia kama hajui lolote.

"Kijana ameiweza mitambo," Bosi akasema. "Kusoma kuna faida. Basi mama, baki."

Niliinamisha kichwa kidogo, kwa unyenyekevu. Kule juu, ungo ulinyamaza.

"Bibi wa watu mwacheni abaki!" jirani akapaza sauti. "Mpelekeni huyo msomi wenu Uingereza, kule jua limeshafunikwa tayari!"