Nilikwenda kuposa Milola nimevaa fulana ya SAFARI, nikaishia kubeba kinu

Wakuu, habari za humu. Hiki kimenikuta mwenyewe na sijaongeza chumvi hata punje.

Mimi ni dereva wa watalii, Kilwa. Fulana yangu ya kazi ina neno moja kubwa kifuani: SAFARI.

Nilijivunia sana neno hilo. Wageni waliniambia hata kwenye kamusi yao ya Kiingereza limo, maana yake kwenda porini kutazama wanyama.

Basi nikampenda Somoe, binti wa kijiji cha Milola. Baba mdogo akawa mshenga, tukaenda kuposa. Kwa akili zangu nikavaa fulana ile ile, nionekane mtu mwenye kazi.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka bibi yake Somoe, kikongwe wa miaka tisini na ushee, aliponiuliza nafanya kazi gani.

"Ya safari, bibi."

Akaacha kutafuna tambuu. "Hapa hatumwozeshi mtu wa safari."

Nikajifanya mwalimu. Nikamweleza kwamba neno tulilitoa kwa Waarabu, Waingereza wakalitoa kwetu, na siku hizi ni starehe tu, mtu anakaa garini anatazama tembo. Baba mdogo akanikanyaga mguu. Sikuelewa.

Bibi akasema taratibu, "Enzi za Mdachi, vita vya Mjerumani na Mwingereza, askari walimkamata baba yangu hapa hapa. Wakamfunga kamba shingoni na wenzake, wakambebesha bafu la bati la bwana mkubwa. Watu wanakufa njaa, bafu linatembea. Hiyo ndiyo safari ninayoijua mimi."

Nilicheka kwa sababu ya bafu. Hakuna mwingine aliyecheka.

"Hapa waliambiwa kafa," akaendelea. "Aliporudi, mama amemaliza eda na anaposwa na mtu mwingine. Angechelewa siku mbili, mimi nisingezaliwa."

Kumbe tangu hapo nyumba ile ina desturi. Mwanamume mwenye kazi ya kuondoka-ondoka akiposa, anabeba kinu begani mpaka msikitini na kurudi, bila kukitua. Nikamtazama mshenga wangu. Akatazama dari.

Nikabeba, Somoe akabaki mlangoni ananitazama. Saa nane mchana, jua kali, fulana inasomeka kijiji kizima. Habari ilishanitangulia, akina mama wakawa wananiuliza tembo nimewaacha wapi.

Kufika msikitini shingo imekufa ganzi, na mzaha wote umeniisha. Mimi nilikuwa na njia fupi na hakuna aliyenifunga kamba. Niliona aibu ya kweli.

Niliporudi, bibi akanibonyeza shingo kwa vidole.

"Huko njiani ulijua kuna mtu anakusubiri?"

Nikamwonyesha mlangoni. Somoe alikuwa amesimama pale pale nilipomwacha.

"Baba hakujua," akasema bibi, machozi yakamtoka. Kisha akaagiza niletewe maji ya kunywa, na posa ikapokewa.

Nilichojifunza: usimfundishe mtu maana ya neno ambalo baba yake alilibeba kichwani. Na ukiondoka nyumbani, sema unarudi lini.

Wenye wazee waliosimuliwa mambo hayo na wazazi wao, huko Mtama, Mchinga, popote, waulizeni sasa kisha mje mtusimulie hapa chini. Bibi alifariki mwaka jana, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwuliza bafu lile baba yake alilifikisha wapi.