Ungo wa Avelina

Mwalimu Wendelin alistaafu akabaki na kompyuta moja katika kibanda chake cha kuchapa barua pale Mbinga mjini. Ilitumia Linux, na mzee aliipenda kwa kuwa haikuwa na mashauzi. Juzi kioo chake cha zamani, kile cha mraba, kilikata roho, akanunua cha mtumba, kipana.

Akafungua picha ya marehemu mkewe, Avelina, kwa ajili ya misa ya kumbukumbu ya Jumapili. Ndiyo picha pekee aliyokuwa nayo: Avelina ufukweni kwao Ngumbo, ametoka kuanika usipa, wale dagaa wa ziwani, ameshika ungo mtupu kifuani, umeelekea kamera. Lakini kwenye kioo kile alikuwa amepanuka ajabu. "Mke wangu hakuwa hivi," Mwalimu akasema, akaibana picha kwa pembeni hadi Avelina akawa mwembamba kama amjuavyo, akahifadhi juu ya ile ile. Mwalimu mzima, asiyewahi kumruhusu mtoto kufuta kabla ya kunakili!

Alikuwa amekwisha kuichapa alipoingia Edina, mdogo wa marehemu, aliyepanda kutoka ziwani asubuhi hiyo.

"Shikamoo shemeji. Huyu nani?"

"Marahaba. Si dada yako?"

"Dada yangu gani? Huyu kafa njaa."

Mwalimu akaitazama karatasi, kisha kioo. Kosa lilikuwa la kioo, na yeye ameharibu picha! Akachora duara kwenye kompyuta, akalipima kwa rula yake ya mbao: upana umezidi urefu. Kwenye mipangilio hakuona kipimo cha kioo kipya, maana waya wa kuungaunga aliokiunganishia haukuipa kompyuta habari zake. Akafungua dirisha jeusi la amri, akaandika xrandr, amri ya kupanga kioo, na kipimo kilichobandikwa nyuma ya kioo, 1366 kwa 768, herufi moja moja kama yuko ubaoni. Kioo kikazima.

"Jamani!" Edina akashika mdomo.

Kikawaka. Duara likawa duara, lakini Avelina alikuwa sindano. Amrudishe hadi wapi? Mwalimu alijaribu kuukumbuka uso wake, ukamkwepa, na hilo lilimuuma kuliko yote.

"Ungo, shemeji," Edina akasema. "Ule ungo wa mama ulikuwa duara kabisa. Vuta mpaka uwe duara."

Akavuta polepole, rula mkononi. Ungo ulipotimia, Avelina alikuwa na mashavu yaliyojaa na mabega ya mtu wa kasia, anacheka kama siku ile alipomwambia kwamba watu wa milimani hawajui kuanika usipa.

"Alikuwa hivi kweli?" Mwalimu akauliza.

"Ndivyo alivyokuwa. Wewe umemzoea yule wa mwaka wa ugonjwa."

Mwalimu akavua miwani, akalia kwa sauti, na Edina akamwacha alie. Miaka minne alikuwa akimkumbuka mgonjwa tu.